Kahawa ya Sheikh Ghanim na Skuli ya Thani

Alhamisi, 1 Oktoba 1970, Matrah

Bismillahi. Dada yangu Nasriya kanambia, "Harub, maneno yako yamekuwa mengi hata mwenyewe huyakumbuki. Hebu yaandike." Yeye mwalimu, ugonjwa wowote dawa yake kuandika. Mie madarasa yangu manne, la tano nlilitazama dirishani tu. Basi nnaandika kama nnavyosema, na atakayecheka acheke.

Khabari kubwa: nimepata kazi! Tangu nishuke hapa kutoka Dubai mwezi wa nane nimeuza magodoro, nimekuwa mkalimani baina ya Mhindi na Mzungu (wote wawili hawakunielewa), nimeuza miwani ya jua. Miwani ilikwenda vizuri, maana zamani hapa, enzi ya Sultani aliyeondolewa mwaka huu, ilikatazwa, ulikuwa huivai bila kutazama nyuma, sasa kila mtu anataka kuliangalia jua kwa dharau. Leo Sheikh Ghanim, tajiri wa saruji, mwenye klabu ya Fajri, kaniita.

"Wewe unajua mpira?"

"Sheikh, mie Zanzibar nikipita njiani mipira ilikuwa ikiniamkia."

Kacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Anataka mfungaji kabla kombe halijaanza. Mechi zinakwenda mpaka Idi, fainali Idi yenyewe. Nikimletea mfungaji, kazi yangu ya daima, na Landrova yake ntaendesha mie. Landrova! Nimelala chali nnabadilisha gia hewani.

Ijumaa, 2 Oktoba

Sitalala leo. Nimempata!

Nlidandia lori la Bawshar baada ya sala. Kule wadi kavu, bonde la mto usio na maji, baina ya mitende, vijana wanacheza pekupeku juu ya mawe. Mmoja mrefu, miguu kama fito, mpira ukimfikia unatulia kama paka kapakatwa. Kampita wa kwanza, kampita wa pili, golkipa kaanguka mwenyewe kwa khofu. Nkapiga ukelele mpaka punda wa watu akakata kamba.

Jina lake Thani, miaka kumi na saba. Baba yake alifariki zamani, analelewa na ami yake, Suud. Bahati yangu, huyo Suud kakaa Pemba miaka, Kiswahili chake safi kuliko changu. Kanikaribisha barazani, tende, kisha kahawa.

"Umekuja kwa mpira?" kasema. "Mpira hata mbuzi wangu wanaupiga teke. Huyu mtoto nnataka asome. Msahafu kahitimu, hesabu nlimfundisha mwenyewe, zaidi ya hapo sina."

Nkamwambia Sheikh Ghanim ana watu, atamtia skuli ya Matrah, malazi, chakula, asubuhi skuli, alasiri mpira. Wallahi ndivyo Sheikh alivyonambia. Kisha nkataka kumwelezea lile goli. Sasa mie sisemi bila mikono. Kikombe changu kimejaa kahawa, sijakionja, nkakiweka chini kwenye mkeka nipate kuonesha namna alivyomzunguka yule wa pili.

Baraza zima likanyamaza. Mzee Suud kanitazama, katazama kikombe, kavuta pumzi.

"Sema haja yako."

Mie, mikono ingali juu, nkasema, "Haja yangu Thani."

Mzee Suud kapangusa ndevu zake. Kisha kasema, "Haja yako imepita. Kunywa kahawa yako. Lakini kwa neno lako, Harub: asubuhi skuli."

"Kwa neno langu, ami."

Kwenye lori Thani anacheka peke yake. Nkamuuliza unachekea nini.

"Kaka Harub, ulijua maana ya kuweka kikombe chini?"

"Najua sana."

"Hukujua."

"Haya, sikujua. Maana yake nini?"

Basi kanieleza. Huku mgeni akiwa na haja nzito, anaiweka kahawa chini, haonji mpaka akubaliwe, aambiwe haja imepita. Mwenye nyumba akikataa ni aibu yake mbele ya watu wote. Mtu hafanyi hivyo kwa mchezo. Wengine hawajafanya maisha yao yote.

Na mie nimefanya kwa sababu mikono ilikuwa inaniwasha.

Jumapili, 4 Oktoba

Thani katiwa skuli. Darasa limejaa mpaka wengine wamekaa madirishani. Mwalimu mkuu kasema nje kuna watu wengi wanangojea, wengine na ndevu zao. Thani kapata nafasi ukutani, baina ya mtoto wa miaka kumi na baba mzima. Karudi anatembea kama katawazwa.

Ijumaa, 9 Oktoba

MATATU! Thani kafunga matatu! Uwanja wa Ruwi ulijaa, watu juu ya mapipa, watu juu ya malori. La tatu kalipiga akiwa hewani. Refa mwenyewe kasahau kupuliza filimbi, anapiga makofi. Golkipa wetu, Thabit, mchukuzi wa forodhani, mtu mnene asiyecheka hata akitekenywa, leo kaonesha meno. Sheikh Ghanim kanikumbatia. "Harub, wewe macho yako ni darubini." Thani kapewa njumu mpya, viatu vya mpira vyenye meno chini, kalala nazo.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sheikh kasema Thani mwembamba, abebe magunia ya saruji ghalani Ruwi asubuhi kidogo, miguu ipate nguvu. Kidogo tu. Fikra nzuri. Wachezaji wote wakubwa wana miguu.

Jumatano, 14 Oktoba

Saruji tangu alfajiri. Skuli hakwenda.

Alhamisi, 15 Oktoba

Joto limepungua. Skuli hakwenda.

Ijumaa, 23 Oktoba

Tumeshinda tena, mawili bila! Thani kafunga la kichwa, vumbi la saruji likaruka kichwani mwake kama moshi wa treni. Watu wameshamwita Treni. Mtu wa klabu ya Burji ya Maskat kanivuta pembeni, kamtaka Thani, kasema watampa baiskeli. Nkamwambia baiskeli nini, huyu treni. Jamani raha ya kuombwa!

Nimejaribu Landrova leo, Sheikh kanipa ufunguo mpaka kona na kurudi. Nimegonga mbuzi mmoja, hakuumia, kaniangalia tu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Kesho huenda tukafunga Ramadhani. Da Nasriya kanikamata jikoni.

"Yule kijana wako, mwalimu mwenzangu kaniuliza kama kafa."

"Yuko hai, kafunga la kichwa."

"Wiki mbili na ushei haonekani darasani, Harub."

"Dada, anakula, analala, ana njumu mpya. Mimi wakati wake nlikuwa navyo hivyo?"

"Punda wa Sheikh naye anakula, naye analala, naye kapigwa kwato mpya. Nenda kamuulize kasoma nini."

Nkatoka jikoni, chai yangu nimeiacha.

Jumapili, 8 Novemba

Ramadhani. Mazoezi ufukweni Azaiba, saumu midomoni, watu wanaitazama bahari kama wanataka kuinywa. Thabit kauliza refa akimeza filimbi saumu yake inabatilika? Mzaha wa kwanza tangu nimjue, na hakucheka hata yeye. Thani kachoka, magunia asubuhi, mchanga alasiri. Nkamuuliza skuli vipi. Kanambia, "Skuli ipi?"

Ijumaa, 13 Novemba

Nusu fainali. Tumeshinda, lakini kalamu yangu leo haitaki kuruka.

Goli la kwanza kafunga Thani mapema sana. Watu wanaimba. Kisha beki wa wenzetu kamkanyaga gotini, nkasikia mpaka nlipokaa. Kaanguka. Mie mbio. Goti limeumuka kama mkate wa boflo. Nkasema atoke. Sheikh Ghanim, kakaa kitini chini ya mwavuli, kasema, "Mfungeni kitambaa, arudi. Bado moja moja." Maana wenzetu walikuwa wamesharudisha.

Wamemfunga kitambaa. Karudi. Mguu mmoja wa mtu na mmoja wa kuazima, na kafunga la pili! Uwanja umelipuka, na mie nimeruka, siwezi kusema uongo, nimeruka juu kuliko wote. Kisha nkamwona anatoka kwa kuruka mguu mmoja, na hakuna aliyemshika ila Thabit. Kambeba mgongoni kama gunia.

Tumeingia fainali. Na Burji.

Jumapili, 15 Novemba

Nimempelekea Thani uji wa Da Nasriya baada ya futari. Yuko ghalani, kalala juu ya magunia, maana yale malazi aliyoahidiwa ndiyo hayo. Jana na leo kapangwa kuhesabu magunia kwa kuwa hawezi kubeba.

Nkamwambia, "Usivunjike moyo, Treni, watu wote mjini wanakutaja."

"Wananitaja nini?"

"Mguu wako!"

Kakoroga uji. Kisha kasema polepole, "Kaka Harub, mpira nlikuwa nao Bawshar, bure, na ami yangu karibu. Nlikuja kwa skuli. Nyinyi mmechukua kile mlichotaka nyinyi, nilichotaka mie kiko wapi?"

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningemtukana, tukacheka, yakaisha.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Sheikh. Nimesema yote: skuli, saruji, goti, neno nililompa ami yake. Kanisikiliza vizuri, mkarimu kama kawaida, kisha kasema, "Harub, hapa skuli miaka yote haikuwepo. Itashindwa kungoja mwezi mmoja? Tushinde kwanza." Nkasema basi apumzike goti. "Atapumzika baada ya Idi." Kisha kanitupia ufunguo wa Landrova. "Nenda katembee, uso wako umekunjamana."

Nimeendesha mpaka Ruwi na kurudi. Gari zuri. Sikusikia raha.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua! Mvua kubwa! Wadi limeshuka na mitungi ya watu na mlango mzima wa nyumba. Watoto barabarani uchi, wanacheza. Hapa mvua ni Idi kabla ya Idi. Saruji ya Sheikh upande mmoja imelowa, imekuwa mawe. Mungu anisamehe, nimefurahi.

Skuli hakwenda.

Alhamisi, 26 Novemba

Da Nasriya kaleta maneno: mwalimu mkuu kasema, asiyetokea asubuhi ya kwanza baada ya Idi, nafasi yake anapewa mwingine. Na haki yake, watu wanalala mlangoni.

Sheikh kasikia, kasema kuna meli ya saruji inashuka wiki hiyo hiyo, Thani atakuwa na kazi. Mwakani, kasema.

Nimemkuta Thabit forodhani, nkamwambia. Kaweka mzigo chini. "Mimi," kasema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka, "nlikuwa umri wake. Sheikh akanambia, dakia Fajri, nami ntakupeleka Bahrein ukasome. Mwakani, kanambia. Mpaka leo nnadaka."

Kisha kanyanyua mzigo wake, kaondoka. Na mie muda wote huu nlidhani ni mtu asiyependa mzaha.

Jumanne, 1 Desemba. IDI

Eeeh, leo! Niandike taratibu.

Asubuhi sala, kisha sote kwa Sheikh Ghanim. Sebule yake imejaa: wafanya biashara, mashekhe, timu nzima ya Fajri na kanzu mpya, na watu wa Burji pia wamekuja kutoa mkono wa Idi, maana Idi ni Idi hata kama alasiri tutakanyagana. Thani kakaa pembeni, mguu kaunyoosha. Mzee Suud kaja kutoka Bawshar kumwona mwanawe akicheza fainali, kakaa karibu na mlango. Kanisalimia, "Harub, skuli inakwendaje?" Sijapata kupigwa swali kama lile. Nkasema, "Itajulikana leo, ami."

Ikaja halua. Ikaja kahawa. Mpishi wa kahawa kanimiminia, kikombe kikanijia moto. Nkakitazama. Da Nasriya asubuhi alinambia, "Leo usifanye upuuzi." Nkafikiri Landrova. Wallahi nimefikiri Landrova, kioo chake na ule usukani. Kisha nkakiweka kikombe chini, kimejaa, nkaikalia mikono yangu yote miwili.

Waliokuwa karibu wakanyamaza. Kimya kikatembea mkekani mpaka kikafika kwa Sheikh. Kaona. Uso ulibadilika kidogo, kisha, mjanja yule, kaanza kucheka!

"Msimjali! Huyu Mzanjibari, hajui mila zetu, na mikono yake haiwezi kukaa bila kuzungumza. Hata Bawshar alifanya hivi hivi. Mwondoleeni hicho kimepoa, mpeni kingine."

Watu wakacheka. Mie uso umewaka. Kwa sababu kweli, Bawshar nlifanya hivyo hivyo, nkajisifu mji mzima, yeye mwenyewe nlimchekesha nayo! Nimejichimbia shimo kwa mdomo wangu. Nkasema, "Sheikh, mara hii najua." Hakuna aliyesikia, kicheko kingi. Mpishi kainama kuchukua kikombe changu.

Ndipo nkasikia, upande wa pili: tk.

Kikombe kidogo kimegusa sinia.

Thabit. Kakaa wima, kikombe mbele yake kimejaa, mikono juu ya magoti. Mzaliwa wa Matrah, baba yake Matrah, babu yake Matrah. Huyu hakuna atakayesema hajui mila.

Kicheko kimekatika kama taa. Mpishi kasimama na dele ya kahawa mkononi, hajui aende wapi.

Sheikh Ghanim kasema, taratibu sana, "Sema haja yako, Thabit."

"Haja yangu ni ya Harub," kasema Thabit. "Mwachie aseme. Yeye mdomo anao."

Sebule nzima ikanigeukia. Yakhe, maisha yangu yote nimesema, na leo ndiyo nimepewa nafasi! Nkasema bila mikono. Nkasema: Thani asubuhi zake za skuli, kuanzia ya kwanza baada ya Idi. Malazi ya mtu, si juu ya magunia. Chakula chake asinyimwe, akicheza asicheze, akishinda akishindwa. Na goti likiuma, mwenye kusema linauma ni yeye mwenye goti. Basi. Sikutia mzaha hata mmoja, muulizeni Suud.

Mzee Suud alikuwa hanitazami mie. Anamtazama Thani, na ule mguu. Keshafahamu yote. Hakusema neno, kaweka chake chini naye.

Kisha mzee mmoja wa Burji, mpinzani wetu, kasema kwa sauti ya upole, "Kahawa inapoa, Sheikh Ghanim."

Sheikh katuangalia mmoja mmoja. Nlidhani atapasuka. Lakini ni mtu wa nyumba, na wageni wameijaza. Kasema, "Haja yenu imepita. Kunyweni."

Tukanywa. Baridi kama maji ya kisima, na sijanywa kahawa tamu kuliko ile.

Sheikh akamgeukia Thani. "Alasiri unacheza?"

Thani kagusa goti lake. "Goti linauma, Sheikh. Sichezi."

"Umesikia," Sheikh kamwambia mpishi, sijui kwa nini mpishi. Kisha kwangu: "Na wewe, Harub. Ufunguo."

Nkatoa ufunguo wa Landrova mfukoni, nkauweka kwenye sinia la halua.

Fainali tumefungwa mawili kwa moja. Uwanja tope, refa kaanguka mara tatu. Thabit kadaka penalti na kifua, kisha nyingine na uso, nyama za mwili ule zote zilicheza! Watu wa Burji wenyewe wamempigia makofi. Thani kakaa kando ya mstari anapiga kelele mpaka sauti imekauka, "Toka, Thabit! Toka!" na mzee Suud, yule anayesema mpira hata mbuzi wanapiga, kamtukana refa kwa Kipemba, hapa katikati ya Ruwi. Tumeshindwa na nimecheka mpaka mbavu.

Jumatano, 2 Desemba

Sina kazi. Tumbo limejaa halua. Da Nasriya kasoma niliyoandika jana, kisha kanikaangia mayai mawili. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 3 Desemba

Thani kahamishiwa chumba cha uani kwa Sheikh. Kitanda, taa, dirisha. Sheikh kapita, kamsalimia, hakumsemesha zaidi. Sawa, hatukuomba mapenzi.

Mtu wa Burji kaja kuniuliza kama nnataka kuwatafutia wachezaji. Nimemwambia masharti yangu, nimeanza na skuli. Kasema atafikiri. Kaondoka hajamaliza chai.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimeamka kabla ya muadhini, nimepiga kanzu pasi, kana kwamba mie ndiye naenda. Nimesimama kona ya duka la vitambaa, mlango wa skuli umejaa watu, wenye ndevu na wasio na ndevu, wote wanangoja asiyetokea. Kengele imelia. Hayupo. Wanaingia. Hayupo! Mwalimu kashika mlango aufunge. Nkaanza kutafuta uongo wa kumwambia, nimeshapata wa ajali ya ngamia.

Ndipo katokea kwenye pembe, anachechemea, njumu miguuni maana viatu vingine hana, kila hatua kwa! kwa! kwa! juu ya mawe, na nyuma yake Thabit anamsukuma mgongoni kama mkokoteni, mpaka mlangoni, na mwalimu kampisha.

Thani kenda skuli. Kachelewa, lakini kenda.